Mdomo wa Mdogo Wangu

Mimi ni msusi, na msusi asiye na mdomo bora afunge saluni akatafute kazi nyingine. Kutwa nasuka na kusema, na nikifika nyumbani naendelea kusema kwa mikono, kwa sababu mdogo wangu hasikii. Alizaliwa hivyo. Shule ya viziwi ilikuwa mbali, na baba yetu alikataa katakata mtoto wake akalelewe na watu asiowajua, kwa hiyo hakupelekwa shule yoyote. Lugha yake tuliitunga sisi wawili, tukiwa tumekaa chini ya meza ya jikoni huku mama akipika. Mama alijifunza nusu yake. Alipofariki, tukabaki mimi na mdogo wangu tu tunaoijua.

Nilipoolewa alikuja kuishi kwangu. Mume wangu hakupinga, na kwa hilo nilimsifu mpaka wateja wakachoka kunisikia. Nilikuwa nawauliza ni wanaume wangapi wanaompokea shemeji wa namna hiyo, nao wanatikisa kichwa, jambo ambalo si zuri kulifanya ukiwa unasukwa. Hata ishara alijifunza, chache za kumtosha: njoo ule, funga mlango, hongera, kesho. Mimi niliona ameoa familia nzima.

Katika lugha yetu kila mtu ana jina, na mtoa majina ni mdogo wangu. Mimi ni vidole vinavyofunguka na kufumbika mbele ya mdomo, yaani yule asiyenyamaza. Mwenye nyumba ni tumbo. Muuza mkaa ni pua inayofutwa kwa kiwiko, maana viganja vyake ni vyeusi muda wote. Mume wangu ni fundi makochi, na mafundi makochi hubana misumari midogo kwa midomo wakati wa kugongelea kitambaa, wanaichomoa mmoja mmoja. Siku ya kwanza alipofika kwetu, mdogo wangu alimtazama, akaweka vidole viwili mdomoni, akachomoa msumari usioonekana. Tukacheka wote, na mwenyewe akacheka. Jina likamkaa.

Kwa watu wa nje, mdomo wa mdogo wangu ni mimi. Na vidole vyake vina ulimi mkali, msione ni mpole. Alipokuja mchumba mmoja na wajomba zake, mdogo wangu alimwangalia kuanzia viatu mpaka nywele, akaniambia huyu ananuka kama beberu na macho yake ni ya mtu anayehesabu sufuria za watu. Nikawageukia wageni nikasema anawashukuru sana kwa heshima waliyompa, ila kwa sasa bado anajifunza kushona. Wajomba wakatabasamu. Mdogo wangu alipoona tabasamu akajua nimemsafishia maneno, akanifinya paja mbele yao. Ndivyo tulivyoishi, yeye anasema pilipili, mimi napeleka asali.

Basi nilipata kazi ya kusuka kwenye harusi upande wa pili wa mji. Bibi harusi alikuwa na mashangazi wengi, na kila shangazi alikuwa na kichwa chake na matatizo yake, ikabidi nilale huko huko. Niliporudi kesho yake sikumkuta mdogo wangu barazani kwenye cherehani. Yeye hushonea karakana ya mume wangu foronya za mito ya makochi, na mchana hutamkuta mbali na ile mashine hata umwite kula. Siku hiyo ilikuwa imefunikwa kitambaa.

Alikuwa bafuni, anaoga maji baridi. Alipotoka, ngozi ya vidole ilikuwa imejikunja kwa kukaa majini. Nilimwuliza kwa mikono ana nini, akaingiza mikono yake yote miwili kwapani. Huko ndiko kunyamaza kwake. Nikauliza tena, akafumba macho. Mtu anayesikia anaweza kukataa kujibu lakini maneno yako yanamfikia hivyo hivyo. Mdogo wangu akifumba macho, umefungiwa mlango na hata hodi yako haisikiki.

Nilitaka kumshika bega, akaruka kama ameguswa na moto. Ndipo nikaona vifundo vya mikono yake, vimevimba na weusi wake umegeuka zambarau. Shuka lake lilikuwa kwenye kamba, na nguo yake ya jana pembeni ya shuka, vyote vinadondosha maji. Komeo la chumba chake lilikuwa limeng'oka upande mmoja. Hakuna aliyeniambia kitu na sikuhitaji kuambiwa. Nilikaa kwenye ngazi ya nyuma.

Na akili yangu ikamkimbilia nani? Muuza mkaa. Yule anayeingia kwa mlango wa nyuma bila kubisha, anayemchekesha mdogo wangu kwa kuigiza gunia linalomshinda. Alipopita jioni hiyo nilimsubiri mlangoni na kumwambia maneno ambayo sitayarudia hapa, nikamwambia akikanyaga tena pale atajuta kuzaliwa. Alisimama na gunia mgongoni, mdomo wazi, akasema, "Sawa, dada," akaondoka. Nilimwona mnafiki kwa upole ule.

Mume wangu alirudi, akauliza mbona shemeji hayupo mezani. Nikasema hajisikii vizuri. Akasema nimwache apumzike, nisimsumbue kwa maswali. Nilimwona ana utu. Neno lilikuwa limenifika kwenye ulimi, nimwambie yote, alie nami na amsake yule mtu wa mkaa pamoja nami. Lakini nilikumbuka jambo nililoambiwa na mteja wangu mmoja, mwalimu.

Mwanamke akiwa chini ya mikono yako, macho yake kwenye kioo, husema mambo ambayo hamwambii hata padri. Huyu mwalimu aliwahi kunisimulia habari za nyumba moja nyuma ya hospitali kuu, ukipita wodi ya wazazi. Mlangoni wameandika Huduma za Familia na basi, ili anayekuona unaingia adhani unafuata kadi ya mtoto. Hawakuulizi jina, unajiita utakavyo. Hulipi. Hawaanzi kwa kukupeleka polisi, wala hawakuzuii ukitaka kwenda. Alisema kuna rafiki yake aliyesaidiwa pale. Kila mteja wangu ana rafiki, nami huwa siulizi ni rafiki gani.

Nilitoka nje kama ninayetafuta mtandao, nikampigia. Nikasema nami nina rafiki. Hakuuliza. Alisema nimpeleke kesho asubuhi mapema, nisingoje wiki iishe, kwa sababu kuna dawa ambazo zikipita siku tatu hazifanyi kazi. Nguo alizovaa, kama hazijafuliwa, nizikunje kwenye karatasi, nisizitie kwenye mfuko wa plastiki. Nikamwambia zimeshafuliwa. Akasema nimpeleke hivyo hivyo.

"Na usimwambie mtu wa nyumbani," akasema, "hata yule unayemwamini kuliko wote. Mficha maradhi kifo humuumbua, najua. Lakini hapa hufichi ugonjwa. Unamtafutia mgonjwa mahali pa kusemea."

Kwa hiyo asubuhi nilimdanganya mume wangu. Nikasema mdogo wangu anaumwa jino, nampeleka kwa daktari. Alikuwa anafunga kamba za viatu, akasema sawa. Nilijisikia mwizi njia nzima kwa kumficha mtu mwema jambo zito kama lile.

Mdogo wangu alinifuata bila ubishi. Nilimwambia kuna mahali watamtibu na hakuna atakayejua. Alitembea nyuma yangu, mikono kwapani.

Pale mlangoni palikuwa kama mwalimu alivyosema, kibao kidogo na pazia safi. Muuguzi aliyetupokea ni mama mtu mzima, anatembea taratibu kama ana siku nzima kwa ajili yako. Alitupeleka chumba cha ndani, akavuta kiti akakaa chini kuliko sisi. Nilimweleza kwamba mdogo wangu hasikii, na kwamba hajataka kusema lililomfika. Yule mama akaniambia hajauliza lililomfika.

"Maneno yanaweza kusubiri, mwanangu," akasema. "Dawa ndiyo haisubiri. Mwambie nina dawa ya kuzuia virusi na dawa ya kuzuia mimba. Mwambie nikimgusa nitamwuliza kwanza, na akikataa naacha. Kisha uniambie amejibu nini yeye, si wewe."

Nikafasiri. Mdogo wangu alitazama mikono yangu kwa makini, kisha akamtazama yule mama usoni kwa muda mrefu. Akaitikia kwa kichwa. Alimeza vidonge, akatoa damu, akakubali kukaguliwa, na kila hatua yule mama alimsubiri mpaka aitikie. Habari ya nguo zilizofuliwa nilimwambia mimi kwa aibu. Akasema karibu wote hufua, na si kosa la mtu kutaka kuwa safi.

Baada ya hapo tulipelekwa kwa mshauri. Alikuwa mwanamke wa makamo, miwani inaning'inia kifuani kwa uzi, na ofisini mwake mlikuwa na meza ndogo, maua ya plastiki, na kochi la watu wawili. Alisema ni desturi yao kumsikiliza mtu akiwa peke yake, bila ndugu. Nilicheka, na si kwa furaha. Nikamwuliza atamsikiliza vipi, labda aanze kwa kuyasikiliza haya maua. Hakukasirika. Alisema anaye mkalimani wa lugha ya alama, na akampigia simu mbele yangu.

Mkalimani akaja, msichana mwepesi mwenye vidole vya kupendeza. Akaanza kusema kwa mikono, na mdogo wangu akamtazama kama mtu anayetazama ngoma ya kigeni, kwa adabu, bila kuelewa hata neno moja. Lugha ile inafundishwa shuleni. Yetu ilizaliwa chini ya meza. Moyoni nilijisikia, nisiseme uongo, ushindi fulani wa kijinga. Nikavuta kiti changu karibu.

Mshauri akamwonyesha mdogo wangu kwa kidole: mimi, kisha kiti. Halafu mimi, kisha mlango. Akafungua viganja vyake viwili, chagua. Mdogo wangu hakusita. Alinielekeza mlangoni.

Nikamwuliza kwa mikono, mimi? Akajibu, wewe. Toka.

Nilikaa kwenye benchi la koridoni nikiwa nimenuna kama mtoto aliyenyimwa. Maisha yangu yote nimekuwa mdomo wa huyu mtu. Nimemsemea sokoni, kanisani, kwa wachumba na kwa fundi wa mashine, na leo, siku ambayo anahitaji mdomo kuliko siku zote, ananifungia nje na kubaki na watu wasiojua hata jina lake ni ishara gani. Nilijiambia ni aibu. Nikajiambia ananionea haya kwa kuwa mimi ni dada mkubwa. Nikamlaani muuza mkaa kwa mara nyingine.

Yule muuguzi akapita na sinia la chai, akausukuma mlango kwa bega, na mlango ukabaki wazi kidogo nyuma yake.

Kochi lilikuwa limepinduliwa. Lilikuwa limelala kifudifudi, miguu juu, kitambaa cha chini kinaonekana na safu ya misumari midogo inayokizunguka. Mdogo wangu alikuwa amepiga magoti kando yake, anagusa misumari ile kwa kidole, mmoja, mwingine, mwingine. Mshauri na mkalimani walikuwa wameinama pamoja naye, nyuso zao zimejaa nia njema, hawaelewi. Mkalimani akamwigizia kuchomwa, umechomwa na msumari? Mdogo wangu akatikisa kichwa, hapana. Akainua vidole viwili, akaviweka mdomoni. Akachomoa.

Hawakuelewa. Akarudia. Alirudia polepole, kama tunavyowarudia watoto, na machozi yanamtiririka. Alikuwa anamtafuta mtu yeyote duniani wa kumwambia, isipokuwa mimi.

Watu husema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nguo yenyewe nilikuwa naifua, naipiga pasi, na kuwaonyesha wateja.

Sijui nilisimama saa ngapi. Najua nilikuwa nimeshika ukuta, na ukuta ulikuwa wa baridi, na kitu kikanijia ambacho nitakisema kwa kuwa ndicho kilichokuja. Nikaona kwamba ndani ya chumba kile hakuna anayejua, na hatajua. Walimu wote wa lugha ya alama wa nchi hii wakiitwa hawatajua. Zaidi ya mdogo wangu, ile ishara anaijua mtu mmoja tu katika wale waliokuwepo, na mtu huyo yuko koridoni. Nikikaa tena kwenye benchi, nikanywa chai, nikamsubiri, nitarudi nyumbani nikiwa na mume, nyumba na jina langu. Hakuna atakayeniuliza. Mdogo wangu mwenyewe ndiye aliyenipa mlango huo, alinitoa nje ili niupite.

Nilimchukia kwa sekunde ile, Mungu anisamehe. Kisha nikamwona anaweka tena vidole mdomoni, na nguvu za kumchukia zikaniisha.

Nikaingia. Aliponiona, mikono ikaenda kwapani na macho yakafumba. Mshauri akainua kiganja kunizuia, akasema, "Dada, tafadhali, amechagua." Nikamwambia najua amechagua, naomba nimwambie neno moja tu, kisha achague tena. Mshauri alinitazama usoni, na nadhani aliona kitu, kwa sababu alisogea.

Kumgusa sikuthubutu. Sisi humwita kwa kupiga kisigino sakafuni, naye husikia kwa nyayo. Nikavua viatu, nikapiga. Hakufumbua. Nikapiga tena, na tena, polepole, mpaka sakafu yote ikawa inamwita, mpaka muuguzi akaweka sinia chini kwa kuogopa vikombe. Hatimaye akafumbua macho, kwa hasira, na katika upenyo huo nikaweka vidole viwili mdomoni mwangu nikachomoa msumari.

Uso wake ulianguka. Akasema kwa mikono midogo, karibu na kifua, umejua. Nikamwambia nimeona. Akauliza nani kakuambia. Nikamwambia, wewe. Nikamwambia, sema sasa, sema yote, mdomo wako ni huu hapa, na ukitaka nitoke tena nitatoka.

Mshauri akaniuliza yule mtu ni nani kwangu. Nikasema ni mume wangu. Ilikuwa mara ya kwanza neno hilo kutoka, na sauti yangu niliisikia kama ya mteja mwingine ndani ya saluni. Akaniambia wazi kwamba mtu wa karibu namna hiyo huwa hawamruhusu kufasiri. Lakini akamtazama mdogo wangu, akamwonyesha tena: mimi, kiti, mimi, mlango. Mdogo wangu akalia, akanyoosha kidole kwenye kiti.

"Sema kama anavyosema," mshauri akaniambia. "Usiongeze, usipunguze, usimpambie. Ukishindwa, inua mkono tupumzike. Na sema 'mimi', kwa sababu ni yeye anayesema."

Mimi niliyezoea kupeleka asali. Nikakaa, nikaitazama mikono yake, nikaanza.

"Nilikuwa nashona. Alirudi mapema. Akaniambia, njoo ule. Nikaenda, kwa sababu huwa ananiita hivyo. Mezani hapakuwa na chakula."

Hapo nikainua mkono. Wakasubiri. Nikaushusha.

"Nikarudi chumbani kwangu. Akanifuata. Akaniambia, funga mlango. Nikafunga, nikiwa ndani peke yangu. Akasukuma mpaka komeo likang'oka. Alinishika mikono yote miwili. Alipoishika mikono, sikuweza kusema."

Yaliyofuata niliyasema yote, neno kwa neno, na hayo ni yake, siyaandiki. Mkalimani aligeukia dirisha. Mshauri hakugeuka, kalamu yake hakuigusa, alimtazama mdogo wangu tu, si mimi, muda wote. Nilipofika mwisho mdogo wangu akafanya ishara moja ya mwisho, nami nikaisema.

"Alipoondoka, akaniambia, kesho."

Nilizijua ishara zile. Nilimfundisha mimi, kwa mikono yangu, jikoni kwangu, nikijivuna.

Mshauri alimshukuru mdogo wangu kwa kumwamini. Alimwambia si kosa lake, na akaniomba nilifasiri hilo taratibu na nimtazame akiwa analipokea. Kisha akamweleza yaliyopo, na kwamba la kuchagua ni lake yeye: kwenda polisi leo, au baadaye, au kutokwenda, mwanasheria asiyelipwa, nyumba ya kulala isiyojulikana na mtu, yenye nafasi kwa wote wawili. Alisema yaliyosemwa mle chumbani hayatoki bila ruhusa ya mwenyewe. Akasema atamtafutia mtu wa kumfundisha ile lugha ya shuleni, ili siku nyingine asihitaji mdomo wa ndugu. Hilo nalo nilifasiri. Liliniuma, na lilikuwa haki.

Mdogo wangu alichagua kulala kwanza. Ya polisi atasema akiamka. Halafu akanigeukia, akaniambia jambo ambalo mshauri hakuomba nilifasiri.

Alisema, ulikuwa unampenda. Sikutaka mdomo wako ndio ubebe.

Simu yangu ikaita. Jina la mume wangu likawaka kwenye kioo. Mshauri alikuwa ameshaniasa nisimwambie tulipo wala kilichosemwa, na nisipotaka nisipokee kabisa. Lakini nilimjua. Nisipopokea atakwenda hospitali kutuulizia mlango kwa mlango. Nikapokea. Na niseme ukweli wote: ndani yangu kulikuwa na kona moja ndogo sana iliyokuwa bado inasema labda. Mtu hamalizi ndoa kwenye benchi la koridoni.

Akauliza tuko wapi. Nikasema foleni ni ndefu. Nilisubiri aniulize habari za jino.

"Amekuambia nini?" akasema.

Nilimtazama mdogo wangu, naye alikuwa ananitazama midomo.

"Hajasema kitu," nikamjibu. "Unamjua akiumwa. Amefunga mikono tu."

Nikasikia pumzi zikimtoka, ndefu, za mtu aliyetua gunia. Nimelala kando ya pumzi zile miaka yote ya ndoa yangu na sikuwahi kuzisikia zikitoka kwa raha namna ile. Kisha akasema kwa sauti ya upole, ile ile niliyokuwa nawasimulia wateja, "Haya, mke wangu. Msikawie. Nimenunua mkate."

Nikakata simu. Ile kona ndogo ikanyamaza.

Mdogo wangu akauliza alikuwa nani. Nikachomoa msumari mdomoni. Akauliza, amesema nini? Nikamfasiria kama yalivyo: anasema tusikawie, amenunua mkate. Alikitazama kiganja changu kilichofanya umbo la mkate mpaka nilipokishusha.

Ndipo nikalia. Nililia kwa sauti, mimi ambaye kazi yangu ni kuwabembeleza wengine wakilia, mpaka mshauri akainuka kufunga dirisha. Mdogo wangu haijui sauti yangu, hajawahi kuisikia hata siku moja. Tangu niliporudi kutoka harusini alikuwa hataki kumgusa mtu wala kuguswa. Aliinuka, akaja mpaka kwenye kiti changu, akaweka kiganja chake kooni mwangu, pale sauti inapotikisika. Akakiacha hapo mpaka nilipomaliza.